Mwenye Mgonjwa

Papa alipewa namba ya kazi na kampuni ya madini, Gécamines, akiwa na miaka 22. Ilikuwa Januari 1977, miezi miwili kabla ya vita ya kwanza ya Shaba hapa Katanga, na namba hiyo anaijua mpaka leo kuliko anavyoijua tarehe yangu ya kuzaliwa. Huitaja kwa Kifaransa, tarakimu mbili mbili, polepole. Namba ilifuatwa na nyumba ya vyumba vitatu kwenye kambi ya wafanyakazi. Ukaja mgao wa unga wa mahindi na samaki wakavu, akaja daktari, ikaja nafasi ya shule kwa watoto ambao walikuwa hawajazaliwa. Wazee wa Kolwezi walikuwa wakisema kampuni ni baba, tena ni mama. Hawakuwa wanatania. Ndiyo iliyokuamulia siku ya kuacha utoto: asubuhi unaingia ofisini kijana, mchana unatoka na namba, jioni jirani anakusalimia "Papa" hata kama huna mtoto.

Mimi nilifika miaka 28 sina namba.

Kwenye vitabu vya Kiswahili vya kutoka mashariki nimekuta wanasema "mtu mzima", kama kwamba ipo siku vipande vyako vyote vinakamilika. Kwetu Katanga tunasema "muntu mukubwa". Nimelifikiria sana neno hili. Ukubwa unataka kipimo, lazima uwe mkubwa kuliko kitu fulani, na mimi miaka yangu yote ya ishirini nilijipima kwa watu na kila mara nikakuta wamenizidi. Huyu ana lupango lake lenye hati. Huyu ameshatoa mali, ameoa, ana watoto watatu. Huyu anavaa kofia ngumu na koti lenye mistari inayong'aa, anapanda basi la kampuni saa kumi na moja alfajiri, na mama yake analitaja basi hilo kanisani. Mimi nilikuwa nalala kwenye chumba kile kile nilichopata nacho surua, na kwenye mlango kulikuwa na alama za penseli zinazoonyesha nilivyokuwa nikirefuka mpaka miaka kumi na mitano. Baada ya hapo hakuna aliyeendelea kunipima.

Nilimaliza chuo Lubumbashi mwaka 2015, mwaka ule ule Katanga ilipokatwa vipande vinne na Lualaba ikawa jimbo, Kolwezi makao yake makuu. Tulifurahi kweli. Jimbo jipya, ofisi mpya, na mimi na diploma yangu ya uchumi. Nilinunua bahasha kumi za kaki. Nilizungusha faili langu getini kwa getini mpaka walinzi, mazamu, wakanijua kwa jina. Mmoja alifikia kuniuliza hali ya Mama kabla hajaniambia nafasi hamna. Zilizokuwepo zilikuwa za kibarua wa siku, kupitia wakala, leo upo na kesho hupo. Nilizikataa. Nilijiambia kwamba mtu aliyesoma hawezi kuanzia pale. Nikarudi kwenye chumba chenye alama za penseli kusubiri. Kusubiri nini? Namba, nadhani. Nilikuwa na diploma, lakini kichwani nilibaki mtoto wa kambi.

Kutoka uani kwetu, upepo wa Agosti ukivuma, vumbi linalotua kwenye nguo za kuanika ni la Kingamyambo. Asiyejua Kolwezi atadhani ni uwanda tu wa mchanga uliofifia. Ni mabaki. Tangu miaka ya 1950 mtambo wa kuchenjua mawe wa Kolwezi ulichukua shaba yake, na tope lililobaki likamwagwa, jingine Kingamyambo, jingine bondeni kwa mto Musonoi. Papa alifanya kazi kwenye mtambo huo, kwenye pampu. Tope hilo lilipita mkononi mwake. "Tuliona ni takataka," anasema. Baadaye wataalamu walipima wakakuta zaidi ya tani milioni 110, zenye shaba kama asilimia moja na nusu, na kobalti ndani yake. Takataka ikagombaniwa. Mwaka 2009 serikali ilimnyang'anya mradi mwekezaji kutoka Canada, First Quantum, na mwaka 2012 ugomvi huo pamoja na mali nyingine za kampuni hiyo ukamalizwa kwa mapatano ya zaidi ya dola bilioni moja. Tangu 2018 mtambo mwingine unayachenjua upya. Najua msomaji anasubiri niseme vijana wa Kolwezi ni kama mabaki hayo, yaliyotupwa na yenye thamani. Sisemi. Mabaki hayana la kufanya ila kungoja aje mtu na mashine. Nami kungoja nilikuwa nimeshajifunza kupita kiasi.

Mwisho wa 2017 rafiki alinipeleka kwenye depo, moja ya yale mabanda ya mahema kando ya barabara yenye bei zilizoandikwa kwa rangi kwenye turubai. Mnunuzi alitoka China, mimi nikawekwa kwenye mizani. Wachimbaji walileta mifuko ya rafia kwa pikipiki, mitatu mitatu, tunamwaga kidogo, kijana anagusisha Metorex, ile mashine yake inayofanana na bastola, kwenye mawe meusi, kioo kinaandika asilimia ya kobalti, na hapo ugomvi unaanza. Hakuna mchimbaji aliyewahi kuridhika na kioo kile. Mimi niliandika kilo. Mwanzoni mwa 2018 bei ya kobalti duniani ilipita dola 90,000 kwa tani, na hata mwandika kilo alionja. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na pesa ambayo sikuomba.

Nilinunua viatu. Naona haya kuliandika hili, lakini kumbukumbu isiyo na haya ni barua ya kuomba kazi. Jozi tisa kwa mwaka mmoja, zingine sikuwahi kuzitoa nje kwa sababu ya tope. Nilinunulia watu bia za Simba mpaka wakaanza kuniita bosi. Ukiitwa bosi saa tatu usiku unaamini kwamba umeshafika. Asubuhi niliamka chumbani kwangu, Mama amenifunikia bukari na sombe kwenye sahani, na nilikula bila kuuliza unga umenunuliwa na nani. Mwanafunzi mwenzangu mmoja, aliyeoa akiwa na miaka 22, alikuwa akitengeneza matofali na kuuza. Tulikuwa tunamwita "muzee" kwa kejeli kwa sababu kila tukimwita baa anasema mtoto ana homa.

Mwaka mmoja baadaye bei ilikuwa karibu theluthi moja ya ile. Mnunuzi alifunga turubai, akaacha mizani imeinama upande mmoja. Nilikuwa na miaka 27, jozi tisa za viatu, na akiba ya wiki mbili.

Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka kwenye shimo kubwa nje ya mji na kufukia wachimbaji waliokuwa wameingia kutafuta mawe; serikali ya jimbo ilitaja waliokufa kuwa 43. Siku ile kila mama wa Kolwezi alihesabu watoto wake. Mama alikuja mbio akafungua mlango wa chumba changu na kunikuta nimelala, saa nne asubuhi. Alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akasimama pale mlangoni kwa muda, ananiangalia, na sijawahi kumuuliza alikuwa anafikiri nini.

Basi nifike kwenye usiku wenyewe. Desemba ya mwaka huo huo, mvua imenyesha tangu jioni, umeme hakuna. Mama alinigongea kama saa nane usiku. Papa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba iliyonasa. Ana mapafu mabaya, mapafu ya miaka ya vumbi, lakini hii haikuwa ya kawaida. Nilimpigia Yaya, kaka yangu mkubwa aliye Lubumbashi. Simu iliita mpaka ikakatika. Nilipiga tena. Tena. Ukweli ni kwamba nilimpigia mara sita kabla sijatoka kutafuta gari, na dakika hizo ndizo ninazozijutia.

Hospitalini (nisiitaje, walifanya kazi yao) muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye sweta la kijani juu ya sare. Mbele yake daftari kubwa la mistari, na kalamu iliyofungwa kwa uzi wa bandeji ili isiibwe. Alimpeleka Papa kwenye oksijeni kwanza, kisha akarudi, akafungua daftari, akauliza bila kuinua kichwa:

"Nani njo mwenye mugonjwa?"

Niligeuka kuangalia nyuma.

Sitanii. Niligeuka nikatazama kule mlangoni, kama vile mtu mwenyewe angekuwa anaingia anakung'uta mwavuli. Kulikuwa na Mama amekaa kwenye benchi, khanga imelowa, na kulikuwa na mvua. Nilipogeuka tena muuguzi alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa ameona.

"Ni miye, Mama," nikasema.

Akalisogeza daftari. Jina la mgonjwa, miaka 64, mtaa. Halafu safu ya mwisho, ya anayehusika. Niliandika jina langu kwa herufi kubwa, na herufi ya kwanza ikatoka nje ya mstari. Palikuwa na nafasi pembeni nikadhani ni ya kazi. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kazi sina. Alinijibu neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Hapa hatuulize kazi. Tunauliza tutaita nani usiku."

Dhamana ilikuwa dola 150. Nilikuwa na 38. Nilimpigia Muzee, yule wa matofali, saa tisa na nusu usiku, mtu niliyemcheka miaka sita. Alipokea mlio wa pili. Wenye watoto wadogo hawalali sana. Alikuja kwa pikipiki amejifunika nailoni, akatoa noti zilizolowa kutoka kwenye soksi, akazihesabu juu ya benchi. Dola 120. Hakuuliza nitarudisha lini. Aliuliza Papa amekula saa ngapi, swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria, na muuguzi naye alikuwa anataka jibu lake.

Tulikaa siku kumi na moja. Nilijifunza kumgeuza mtu mzito bila kumuumiza, kumwogesha baba yako huku unaangalia ukuta, na kubishana bei ya dawa kwenye maduka matatu kabla ya jua kupanda. Siku ya nne Yaya alifika kutoka Lubumbashi, koti safi, machungwa kwenye mfuko. "Sasa nimefika," akasema, "wewe nenda ulale." Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Nilirudi nyumbani, nikaoga, nikalala saa kumi na nne kama mtoto aliyerudishiwa mama yake. Jioni iliyofuata simu ikalia. Yaya. Sauti yake ilikuwa na kicheko na uchungu kidogo: "Ule mama wa sweta anataka mwenye mugonjwa. Nimemwambia miye njo mukubwa. Ananionyesha daftari. Njoo."

Miezi kadhaa baadaye Yaya aliniambia ukweli kuhusu zile simu sita. Hakuwa amelala. Aliona jina langu saa nane usiku, akajua ni habari ya Papa, akaogopa, akaitazama simu mpaka ikanyamaza. Alikuwa na miaka 36, kazi nzuri, mke, lupango. Naye alikuwa anaangalia nyuma.

Na Papa? Usiku wa saba alikuwa anapumua vizuri kidogo, akataka mazungumzo. Nikamuuliza habari za 1977, nikitegemea ile hadithi ya namba ninayoijua. Akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema nyumbani.

"Wiki ya kwanza mu nyumba ya kampuni, nililala chini."

"Juu ya nini, Papa?"

"Kitanda kilikuwamo. Niliogopa. Niliona ni ya muntu mukubwa, ataingia, ataniuliza ninafanya nini pale."

Nilicheka, naye akacheka mpaka akakohoa nikamnyanyua. Kisha akaongeza, bila kicheko, habari za 2003. Mwaka huo, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa kile kinachoitwa kuondoka kwa hiari. Papa alikuwa na miaka 48. Alichukua fedha yake, akanunua kinu cha kusaga mahindi, kikaharibika ndani ya mwaka kwa sababu alikiunganisha mwenyewe vibaya. "Siku ile niliporudisha kadi," akasema, "nilirudi kuwa mtoto. Sikujua hata pale unalipia maji."

Hilo lilinikaa. Mimi nilikuwa nimemhusudu kwa ile namba, kumbe namba ilimfichia woga wake kwa miaka 26, ukamsubiri getini siku ya kutoka.

Sasa nisieleweke vibaya. Wazee wetu wanapenda kusema vijana wa leo ni wavivu, wanakaa kwa mama mpaka wanaota mvi. Nakataa. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba, na kila mtu aliyeishika alikuwa na nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa haifiki hata tani 30,000. Leo nchi imepita tani milioni mbili kwa mwaka, shaba kuliko wakati wowote wa Papa, na hakuna kampuni inayompa kijana wa miaka 22 funguo za vyumba vitatu. Sheria yetu ya familia inamhesabu mtu wa miaka 18 kuwa mkubwa, na sheria hiyo hiyo inamtaka atoe mali ndipo aoe. Orodha ya wajomba wa yule niliyemtaka ilianza na mbuzi wawili na suti, ikamalizikia kwa dola ambazo sitaziandika. (Nimemuoa, ilichukua miaka minne, mbuzi mmoja bado nadaiwa.) Anayetucheka achukue orodha hiyo na mshahara wa kibarua wa siku, apige hesabu mwenyewe.

Ninachokataa kwangu mwenyewe ni kingine. Kwa sababu hakuna aliyenipa namba, nilijipa ruhusa ya kuwa mgeni nyumbani kwetu. Sikujua bei ya unga. Sikujua Papa alikuwa anaamka mara ngapi usiku, na tulitenganishwa na ukuta wa tofali moja. Nilingoja nijisikie mkubwa kwanza ndipo nishike mambo. Hisia hiyo haijaja mpaka leo, na nimeshaacha kuiuliza.

Deni la Muzee nililimaliza Juni 2020. Jozi saba za viatu ziliuzwa, na nilienda kwa wakala niliyemkataa 2015 nikachukua kibarua cha siku, kupakia mifuko ya chokaa. Baadaye nilipata kazi ya mizani tena, safari hii kwenye kinu cha mahindi. Ndiyo ninayofanya. Unga haubishaniwi kama kobalti, ila wamama wa komini ya Manika wana macho makali kuliko Metorex.

Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa miezi minne, ikaongeza muda, na Oktoba ikaja na mgao kwa kila kampuni. Bei ilikuwa imeanguka vibaya. Madepo yakanyamaza kama 2019, na mdogo wangu, miaka 26, aliyekuwa kwenye mizani ya mmoja wa wanunuzi wa madepo hayo, akarudi nyumbani na viatu vyake. Vizuri kuliko vyangu, nakiri. Jioni moja aliniuliza inachukua muda gani kuzoea. Sikuwa na jibu. Nilimpa Jumanne na Ijumaa: siku hizo yeye ndiye anayempeleka Papa kupimwa mapafu, yeye anayeshika kadi, yeye anayeandika kwenye daftari. Wiki ya pili alinipigia kutoka huko kuniuliza Papa anakunywa vidonge vipi asubuhi. Nilimwambia amuulize Mama, ndiye anayejua. Akakata simu kwa hasira. Ijumaa iliyofuata hakupiga.

Papa ana miaka 70. Msimu wa vumbi la Kingamyambo anakaa ndani, madirisha yamefungwa. Namba yake ya kazi anaisema bila kukosea, lakini namba yangu ya simu haimkai, kwa hiyo niliiandika kwa makaa nyuma ya mlango wa chumba chake, kubwa, aione bila miwani. Mwezi uliopita nilikuta chini yake imeandikwa nyingine, kwa mwandiko wa mdogo wangu.